Sanduku la Chuma la Patroni

"Mashine haizimiki yenyewe. Iko mutu anaizima."

Maneno hayo patroni wa mjukuu wangu aliyasema mbele ya wateja, kwa Kiswahili, ndani ya sekretariati yake, duka la kuandikisha barua na kupiga fotokopi, pale Kanyosha, kando ya barabara. Kisha akaongeza, huku anamtazama mjukuu wangu: "Na hawa watu wa Carama, kazi yao tunaijuaka."

Mtu ambaye hakuishi Bujumbura wakati wa vita anaweza kuniambia, Bibi, yule alikuwa amekasirika tu, achana naye. Niachane naye namna gani? Miaka ile kumuita mtu wa Carama ilikuwa kumuita wa waasi, na neno kama lile lilikuwa na miguu. Asubuhi liko dukani, mchana limefika zoni, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, jioni gari limesimama mbele ya mlango wako na wanaita jina la mtoto wako. Nimeona kwa macho haya. Jirani yetu mmoja wa kule Carama alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na mke wake mpaka leo hajui akapige magoti wapi.

Kwa hiyo nilikasirika, na nikiandika hapa bado nimekasirika.

Mjukuu huyo nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikufa tulipokuwa tunakimbia kutoka Carama, na mtoto akabaki mgongoni kwangu. Mimi shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Yeye nilimsomesha kwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikiuza kwenye ndoo mlango kwa mlango, mpaka akapata diploma yake ya sekretaria. Alikuwa anaandika kwenye klavye bila kuangalia vidole, anaongea na wewe huku vidole vinakimbia, na barua inatoka safi. Nilikuwa napita mbele ya ile sekretariati kila siku, na siyo kwamba njia yangu ilikuwa ile. Nilipita ili nimuone amekaa pale. Wanawake wenzangu nikawaonyesha, "Yule ni wangu," hata wale niliokwisha kuwaonyesha wiki iliyopita.

Sasa niseme juu ya sanduku.

Patroni alikuwa na ordinateri nyingine, yaani kompyuta, kabla ya ile. Siku risasi zilipolia Kanyosha na watu wote tukakimbia kuelekea mjini, tuliporudi alikuta meza tu. Waliichukua yote, hata waya. Nani aliichukua? Kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyelisema kwa sauti. Hapo namuelewa. Aliponunua ya pili alikwenda kwa fundi anayechomelea milango na madirisha, akamwambia amtengenezee sanduku la bati nene la chuma, lenye mlango na kufuli. Ndani yake akafungia lile tumbo la ordinateri, lile ambalo ndiyo mashine yenyewe. Nje kulibaki kioo na klavye tu, na kile kioo alikifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza kama mbuzi. Kwenye sanduku fundi alitoboa tundu la nyuma la kupitisha waya, mpasuko wa mbele wa kuingizia disketi, na tundu moja la kidole, la kubonyeza pale pa kuwashia na kuzimia. Basi. Ufunguo wa kufuli patroni aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Hata mjukuu wangu, anayefanya kazi pale tangu asubuhi, hakuwahi kuona mashine yake inafanana na nini.

Sanduku lilikaa chini, pembeni mwa meza, limesukumwa ukutani. Juu yake walipanga mafungu ya karatasi za fotokopi.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watu walileta disketi zao, barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, ripoti za kanisa. Kisha wakaanza kurudi na malalamiko. Barua imejaa alama ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Disketi ya mtu imekuwa tupu. Mteja mmoja mkubwa, mhasibu wa mradi, alikuja akisema disketi iliyotoka pale imeingiza virisi, ule ugonjwa wa mashine, kwenye ordinateri zote za ofisi yao. Patroni akaogopa, akaita fundi wa ordinateri kutoka mjini.

Fundi alikuwa kijana mwenye miwani na mkoba, anajua kazi yake, sitamsingizia. Aliingiza dawa ya virisi, akaianzisha isake mashine nzima, akakaa kungoja. Ikafika katikati, pwa! Kioo cheusi. Akabonyeza tundu la kidole, haitaki. Akaenda kula, akarudi, ikawaka kama hakuna kilichotokea. Akaanza tena. Katikati, pwa! Akasema ni umeme wa Kanyosha, unapanda na kushuka. Wakanunua kifaa cha kutuliza umeme. Pwa! Akabadilisha waya. Akabadilisha ile dawa yenyewe, akaleta nyingine. Pwa! Na mjukuu wangu akiandika siku nzima, mashine haikohoi.

Mwishoni fundi akamwambia patroni afungue sanduku, akaibeba ile mashine mpaka kwake mjini. Huko ilisaka mwanzo mpaka mwisho, ikafuta virisi vyake vyote, haikuzimika hata kidogo. Akairudisha, wakaifungia tena sandukuni. Haukupita muda wateja wakaleta disketi zao chafu, virisi vikarudi, fundi akaanzisha msako, na katikati, pwa!

Hapo ndipo yule kijana akasema jambo ambalo naamini alilisema bila kufikiri, kama mtu anayetupa ganda la ndizi barabarani. "Kwangu mashine ni nzima. Hapa inakufa. Basi shida si mashine."

Patroni akamaliza sentensi mwenyewe, ndiyo yale maneno niliyoanza nayo. Kama si mashine ni mtu. Na mtu gani? Sanduku lina kufuli, ndani hapaingii mkono, kuna tundu moja tu la kidole, na anayekaa karibu na lile tundu kutwa ni mmoja. Anaizima kwa nini? Kwa sababu hataki dawa ifike mahali fulani na kuona kitu fulani. Kitu gani? Na huyu ametoka wapi? Carama. Mnaona alivyojenga? Tofali juu ya tofali, na kila tofali lilikuwa la uongo, na nyumba ikasimama.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa mbele ya sahani ya ugali na maharage kama amekaa mbele ya maiti. Akanieleza yote. Patroni amesema Jumamosi fundi atakuja kwa mara ya mwisho. Mashine ikizimika tena, anamwita mtu wa zoni aje amuulize yeye maswali.

Nikamwambia, "Nitakuuliza mara moja, sitauliza tena. Unaizimaka?"

"Bibi! Na wewe?"

"Nijibu."

"Siizimi."

"Basi. Kula."

Hakula. Nikamuuliza, huo msako ni kitu gani hasa, maana siwezi kupigana na kitu nisichokijua. Akaniambia ordinateri inajikagua yenyewe, karatasi moja moja ndani ya tumbo lake, haipumziki mpaka imemaliza zote, kama wanajeshi wanavyoshusha watu kwenye bariyeri na kufungua kila mzigo.

"Na ikifika katikati inazimia?"

"Ndiyo."

"Haiko peke yake. Mi nikiona bariyeri tumbo linanikata toka mbali."

Akacheka. Kidogo tu, lakini akacheka, na akachovya ugali. Nikasema moyoni, Jumamosi nakwenda.

Jumamosi sikubeba ndoo. Nilivaa kitenge changu cha misa, nikafunga kilemba, nikaingia mle ndani kama mteja. Walikuwapo patroni, fundi na mjukuu wangu, na watu kadhaa wa fotokopi wamejipanga mpaka mlangoni. Patroni aliponiona uso ukamkunjana.

"Mama muzee, leo hatuna nafasi."

"Sikuja kuandikisha. Nimekuja kulinda mashine yako."

"Kuilinda na nani?"

"Na huyu mwizi wako wa kidole."

Watu mlangoni wakaanza kunong'ona. Fundi alikuwa amekwisha kuanzisha ule msako, kioo kinaonyesha majina yanapita mbio. Kiti cha ziada hakuna. Nikaenda pembeni mwa meza, nikashusha yale mafungu ya karatasi juu ya sanduku. Yalikuwa vuguvugu kama mikate, nikadhani ni kwa sababu ya mashine ya fotokopi iliyo karibu. Nikakaa juu ya sanduku, miguu mbele, kitenge changu kikafunika tundu la kidole lote.

"Sasa," nikasema, "anayetaka kuizima aniombe ruhusa apitishe mkono chini ya nguo yangu. Patroni, we utaweza? Fundi?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni aliangusha karatasi zake kwa kucheka. Fundi akaangalia viatu vyake. Patroni akasema, "Bibi, wewe uko mutu muzima, heshima..."

"Heshima? Umemuita mutoto wangu adui mbele ya watu, na sasa unatafuta heshima chini ya kitenge changu?"

Nikamwambia mjukuu wangu aondoke pale kwenye meza, aende asimame mlangoni, mikono yake watu waione. Akaenda. Alisimama na mikono mbele kama anayengoja kupokea komunyo, na nilitaka kulia kwa hasira, maana hakuna mtoto wa mtu anayepaswa kusimama hivyo mahali anapofanya kazi.

Tukangoja. Majina yanapita kwenye kioo. Wateja walikataa kuondoka, hata waliomaliza fotokopi zao. Na mimi nikaanza kusikia joto huku nyuma. Nikajiambia ni hasira. Nikahama upande huu, nikahama upande ule. Nikavumilia, kwa sababu nilijua nikiinuka patroni atasema, umeona? Lakini mwili una mwisho wake. Chuma kile kilikuwa kinanikaanga kama sambusa.

Halafu, pwa! Kioo cheusi.

Patroni akaruka. "Ameizima! Bibi ameizima na matako!"

"Njoo uone!" nikampigia kelele, na sikusimama. "Njoo uone mwanya wa kidole kama umeguswa! Nguo yangu iko palepale. Nyinyi mulioko hapo mlangoni, kuna mutu amepitisha mkono?"

"Hakuna!" wakajibu.

"Na yule aliyeko mlangoni na mikono mbele, ameizima na pua?"

"Apana!"

"Basi hii kitu yako inajizima yenyewe, na kabla ya kujizima inapika watu! Niko naungua, muniinue, magoti yameganda!"

Mjukuu wangu alikimbia akanishika mkono, akaniinua. Nilikuwa bado natukana, nikisema nilidhani joto lile ni hasira yangu. Lakini yeye aliacha kunisikiliza. Aliweka kiganja chake mahali nilipokuwa nimekaa, akakiondoa haraka, akakiweka tena. Akagusa ubavuni. Akainama akaweka mkono kwenye tundu la kidole.

"Bibi," akasema taratibu, "hii haikuwa hasira yako."

Akamgeukia fundi. "Kule kwako uliifanyia msako ikiwa mezani. Nje ya sanduku."

Kijana alitoa miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akainama akagusa chuma na yeye. "Lete ufunguo," akamwambia patroni.

"Kwa nini?"

"Iko inakosa hewa. Ukiandika tu haifanyi kazi sana, inavumilia. Ukiianzisha huo msako inafanya kazi kwa nguvu zake zote bila kupumzika, inachemka, inajizima isiungue. Nilitakiwa kuangalia hii siku ya kwanza."

Sasa mngetegemea mtu angefungua. Patroni alishika ufunguo shingoni kwa mkono mzima na kurudi nyuma mpaka ukutani. "Mbele ya watu wote hawa? Waone iko namna gani, waone imekaa wapi? Apana. Muliona walivyoichukua ile ya kwanza?"

Nilimsogelea. Sikupiga kelele safari hii. Nilimwambia, "Ile ya kwanza ilichukuliwa, na mi nilikusikitikia. Nilikuletea pole na ndagala. Lakini ile ni chuma. Mi walinichukulia mutu. Huyu mtoto ndiye niliyebaki naye, na we unataka kupeleka jina lake kwa watu wa zoni ili ulinde hili bati. Fungua. Usipofungua nakaa hapa, na kuvrefe, ile saa ya kutotembea usiku, itanikuta hapa, na utawaeleza wanajeshi kwa nini bibi kizee amelala kwenye sekretariati yako."

"Fungua, patroni," akasema mtu mmoja kwenye foleni. "Tunataka karatasi zetu."

Akafungua. Hakuuvua ufunguo shingoni, aliinama nao mpaka kwenye kufuli. Mlango wa sanduku ulipofunguka hewa ya moto ilitoka kama unafunua chungu, na harufu ya vumbi lililoungua. Ndani mlikuwa na kimashine kidogo cha rangi ya maziwa machafu, na nyuma yake manyoya ya vumbi. Hicho ndicho kilichotaka kuniulia mtoto. Kitu ambacho ningeweza kukibeba kichwani nikaenda nacho sokoni bila kukishika.

Fundi alikipuliza vumbi, wakaingoja ipoe, mjukuu wangu akiipepea kwa kipande cha boksi. Kisha wakaiwasha, mlango wa sanduku wazi, wakaanza msako tena. Hakuna aliyeondoka. Patroni alisimama katikati ya mashine na mlango wa duka akiwa amepanua mikono, anachunga watu kama kuku. Na kioo kikaendelea kupitisha majina, kikapita pale katikati palipokuwa panaiua, kikaenda, kikaenda, mpaka kikasimama chenyewe na maandishi. Mjukuu wangu akasoma kwa sauti: imemaliza, imekuta virisi, imevifuta.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Na ndipo yule mtu wa zoni akaingia. Kumbe patroni alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe asubuhi, kabla hata ya kuona kama mashine itazimika au la. Alikuwa na koti, na kalamu mfukoni, na vijana wawili wamebaki nje. Makofi yakafa. Mjukuu wangu aliweka kile kipande cha boksi chini na kusimama wima.

"Ni nani?" akauliza yule mtu.

Patroni akaanza kumjibu kwa Kifaransa, haraka haraka, anatabasamu, mkono unazunguka hewani. Sikijui Kifaransa, lakini nilimuona mtu wa zoni akimtazama mjukuu wangu, halafu sanduku, halafu mjukuu wangu tena. Foleni nzima ilikuwa inatazama midomo yao na haielewi.

"Kwa Kiswahili," nikasema.

Patroni akageuka. "Bibi, ninamueleza vizuri."

"Ulimtukana kwa Kiswahili. Hawa walisikia kwa Kiswahili. Rudisha kwa Kiswahili."

Mtu wa zoni alinitazama toka kilemba mpaka viatu. Nilijua anaweza kunikasirikia, na wale vijana wako nje. Akamwambia patroni, "Sema basi, na mi nisikie vizuri."

Patroni akaonyesha sanduku kwa kidole. "Uyu mutoto hakuzima mashine. Ni sanduku. Sanduku linaifanya inachemka."

"Na ile ya Carama?" nikasema.

"Nilikuwa na hasira."

"Sikuulizi ulikuwa na nini. Umeirudisha?"

Alitazama watu wa foleni, na wao walikuwa wanamtazama. "Nimeirudisha."

"Kwa hiyo umeniita kutoka ofisini," akasema yule mtu wa zoni, "nije kufunga sanduku?"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipocheka. Kisha akatoka, akasema neno kwa wale vijana wake, na nikasikiliza viatu vyao vikienda mpaka barabarani, vikaendelea, havikurudi.

Nilimgeukia patroni. Nilikuwa na maneno mengine tumboni, makubwa kuliko yale, nilikuwa nimeyapanga tangu jana yake. Lakini yule mwanamke wa foleni alinigusa begani na kuniambia, "Bibi, sasa tupishe, nina watoto nyumbani." Nikatazama pembeni. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kukaa kwenye meza yake, mlango wa sanduku uko wazi kando ya mguu wake, na amenyoosha mkono kwa mtu wa kwanza. "Leta disketi," alimwambia. "Tunaanza kuikagua."